Theluthi ya Tatu

Kabla ya kushuka nilimwambia Nyamawi:
hesabu hewa yako kama mjane ahesabuvyo unga.
Theluthi ya kuingia,
theluthi ya kutoka,
na theluthi ya tatu usiiguse. Si yako.
Ni ya lile tusilolijua.

Akaitika. Vazi langu la akiba lilimbana tumbo,
na mikono iliyozoea vishikio vya mkokoteni
haikujua pa kukaa.

Huyu ndiye aniuziaye maji.
Majengo, ghorofa ya nne, bomba lakohoa upepo tangu Rajabu,
naye huja na madumu ya manjano,
kila dumu limepungua vidole vitatu shingoni,
nami hulipa, ulimi nikaukunja.
Miezi saba alidunduliza ada ya kuzamia.
Nilipomuuliza ya nini, alisema,
"Nauza kitu, dada Mwanakheri, sijapata kukiona kwao."

Pango liko Mwakirunge, nyuma ya machimbo ya mawe,
mdomo wake wa kupita mtu mmoja na mtungi wake.
Nikamrudia tena pale ukingoni:
dole gumba juu si kusema mambo safi, ni kusema tupande.
Kamba nyeupe usiiache.
Usipige mateke; tope hili limelala tangu kabla ya babu zetu,
ukiliamsha halitakuuliza jina.

Tukashuka.
Joto la Mombasa likabaki juu na viatu vyetu.
Kuta za matumbawe, yale yale ya nyumba za Mji wa Kale,
ila hapa hakuna aliyeyapaka chokaa;
konokono wa bahari wamekwama ndani ya jiwe
kama herufi za barua iliyolowa.

Mita kumi na moja, maji yakatetemeka.
Hapo ndipo matamu yanapolala juu ya chumvi,
mkeka juu ya mkeka, wala hayachanganyiki,
na kurunzi huona mbili mbili.
Nyamawi akapitisha kiganja katikati, taratibu,
akakirudisha, akakipitisha tena,
mtu aliyeishi kwa kupima maji kwa dumu
akatafuta pindo la kuyashikia.

Kipimo chake kikafika theluthi. Nikaonyesha: geuka.
Hakugeuka.
Mbele yetu dari lilikuwa na tundu,
na ndani ya tundu, mwanga, duara kama sahani ya kahawa.
Kisima cha watu. Nilikijua, sikuwahi kukikaribia.
Kisha ndoo ikashuka.

Ndoo ya bati, kamba ya katani, mpini umefungwa kitambaa chekundu.
Ikagusa uso wa maji, ikaelea, ikainama, ikakataa.
Huko juu mtu aliitikisa kamba,
mkono tusiouona, labda na mtoto mgongoni.
Mara mbili. Mara tatu.
Nyamawi akapanda hadi pale, mapovu yake akiyazuia,
akaushika ukingo kwa vidole viwili,
akauinamisha kama anayenywesha mgonjwa.
Ikajaa. Ikajaa hadi mdomoni.
Akaisukuma kidogo kutoka chini,
nayo ikapaa, ikidondosha nuru.

Nilimvuta kwa mkanda.
Tulirudi na kamba mkononi, mimi nikisoma sindano yake,
hasira imenijaa kuliko hewa.
Tulipotoka tayari alikuwa ameila, si haba, theluthi ya tatu.
Nikamgombeza palepale, maji yakinitoka puani.
Akavua miwani. Macho mekundu.
"Si ulisema," akanijibu, "ni ya lile tusilolijua?"

Jumanne akapiga hodi ghorofa ya nne.
Dumu moja begani, ngazi nzima imelowa nyuma yake,
maji yamefika kizibo, hayana hata pa kutikisikia.
Sikusema kitu. Naye hakusema.
Bei ilikuwa ile ile.